Neno Lililoonwa na Mgeni

Kama ungepita nyumbani kwa Kiptanui jioni yoyote ya mwaka ule wa 1999, ungetamani kukaribishwa. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mto ukitoka soko la Sotik, mahali ambapo chai imepandwa mpaka karibu iguse dirisha. Saa kama hiyo ukungu huwa umeanza kushuka, na wachumaji wanarudi na vikapu vitupu mgongoni wakiongea polepole. Kiptanui mwenyewe angekuwa zizini akimkamua ng'ombe wake, Chelelgut, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake mweupe. Alimkamua huku akimwita jina na kumsifu, kama baba yake alivyofanya kabla yake, na sauti yake ilifika kwa majirani. Ndani ya nyumba, mkewe Phyllis angekuwa amempakata mtoto wao Winny kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akiandikia watu wa Mombasa.

Naam, akiandikia watu wa Mombasa, na kujibiwa kabla chai kwenye kikombe chake haijapoa.

Ndugu zangu mnaosoma, siku hizi vijana wetu wanaanza kuyazoea mambo haya, lakini wakati ule hatukuwa tumeyazoea. Phyllis alikuwa karani wa mauzo katika kiwanda cha chai ambacho sitakitaja jina. Kazi yake ilikuwa kuwasiliana na ghala la Mombasa, ambako chai yetu huwekwa kabla ya kuuzwa. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa ghala chai gani itolewe, apewe nani, na lini. Alipojifungua Winny, meneja wake, Bwana Orina, alimhurumia. Alimruhusu kufanya kazi ya Mombasa akiwa nyumbani, kwa kompyuta yake mwenyewe, ile ndogo inayofunguka kama Biblia, ambayo kaka yake alimletea aliporudi kutoka masomoni ng'ambo. Nyumba ile ilikuwa na simu tangu enzi za baba yake Kiptanui, marehemu chifu. Waya wa simu ukachomekwa kwenye kifaa kiitwacho modemu, modemu ikachomekwa kwenye kompyuta, na kiwanda kizima kikaingia sebuleni.

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka chuo kikuu, lakini siku nilipoiona kazi ile kwa macho yangu nilinyamaza kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Kifaa kililia, kikakoroma, kikanyamaza. Kisha maneno ya mtu aliye kando ya bahari yakatokea mbele yetu huku nje ng'ombe wakicheua. Nilimshukuru Mungu kwa kunizaa katika miaka hii.

Fundi aliyeiunganisha mashine ile alikuwa kijana anayeitwa Vinny, kutoka upande wa Nyamira, mcheshi na mwepesi wa maneno. Alipomaliza kazi alikataa kunywa chai mpaka Phyllis amsikilize.

"Mama Winny, hii mashine ni yako," Vinny alisema. "Pigia nayo hesabu zako, andika barua za chama, sina shida. Lakini huu mlango wa barua pepe ni wa kiwanda. Ukiufungua ukiwa hapa kwa kochi, ujue umefungua stoo ya watu wengi."

"Nimesikia."

"Bado hujasikia. Sasa chagua neno la siri. Usiniambie hata mimi. Usichague jina la mtoto, usichague jina la mzee. Na siku mtu yeyote akiliona hilo neno, hata kama ni pastor, hilo neno limekufa. Lizike siku hiyo hiyo, utafute lingine."

Phyllis alicheka na kumgeuzia mgongo, akaandika neno lake. Hakuweka jina la mtoto wala la mumewe. Aliweka jina ambalo hangelisahau hata akiwa na usingizi, kwa kuwa alilisikia likiitwa kila asubuhi na kila jioni nje ya dirisha lake.

Habari za mashine zilienea. Jumapili baada ya ibada, watu walianza kupitia kwa Kiptanui kuiona. Phyllis hakuwa mwenye maringo, lakini nani kati yetu angekuwa na ajabu kama ile mezani halafu awanyime majirani? Walikuja wazee, wakaja akina mama na watoto wa mgongoni. Mama mmoja jirani, Sellah, ambaye chai yake ilipakana na ya Kiptanui, alitoka nje akautazama waya wa simu kwa muda mrefu, akarudi ndani ameudhika.

"Mmesema barua imeenda," alisema. "Mimi nimesimama chini ya waya. Sijaona kitu ikipita."

"Imepita kama stima, mama," Kiptanui akamjibu.

"Stima pia sijawahi kuona ikipita. Naona tu bili."

Watu walicheka mpaka Winny akaamka.

Jumapili moja alikuja Kipkurui. Huyu alikuwa rika la Kiptanui. Walitahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda vyao katika kibanda kimoja, na tangu hapo hakukuwa na mlango kati yao. Msomaji ambaye si wa huku kwetu anielewe vizuri: mtu wa rika lako haombi ruhusa ya kuingia kwako. Hula kilichopo na hukalia kiti anachotaka. Kumficha kitu ni kama kumwambia kwamba yale mliyovumilia pamoja mkiwa vijana hayakuwa na maana.

Kipkurui alivuta kiti mpaka goti lake likagusa meza.

"Bakule," alimwambia Kiptanui, akimwita kwa lile neno ambalo watu wa rika moja huitana nalo, "leo mimi sitoki hapa mpaka nione huyu mke wako akifungua kiwanda."

"Fungua aone, Mama Winny," Kiptanui alisema.

Phyllis alisita. Alitaka kumwomba mgeni ageuke kidogo. Akamtazama mumewe, akaona vile alivyokuwa ameketi kwa fahari kando ya rafiki yake, akaacha. Alikuwa na mtoto mkononi, kwa hiyo aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Kwenye kioo zilionekana nyota tupu. Lakini Kipkurui hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama kidole, kama mwanafunzi anayefuata fimbo ya mwalimu ubaoni.

"C," alisoma kwa furaha. "H. E. L... Ngoja. Ngoja kwanza." Akapiga paja lake. "Bakule, ni ng'ombe wako. Chelelgut ameingia ofisini."

Sebule yote ilivunjika kwa kicheko. Hata Phyllis alicheka, ingawa masikio yake yalikuwa yamepata moto.

Wageni walipoondoka, alibaki ameshika kikombe bila kunywa.

"Baba Winny, ni lazima nibadilishe lile neno. Vinny alisema likionwa limekufa."

"Ubadilishe kwa sababu gani? Aliyeona ni nani? Si ni Kipkurui?"

"Ni Kipkurui. Simshuku. Lakini nimeagizwa."

"Sawa. Halafu Jumapili ijayo akuje aseme, 'Mama Winny, hebu mwite Chelelgut atufungulie.' Utamwambia nini? Kwamba siku ile ile ametoka kwa nyumba yangu ulibadilisha? Hiyo ni kununua kufuli mpya mgeni akiwa bado kwa gate. Utakuwa umemwita mwizi mbele ya watu."

Phyllis alijua mumewe hasemi kwa ukali; alikuwa anasema kile ambacho kila mtu wa kijiji kile angesema. Akaliacha neno kama lilivyo. Tena, kwa kuwa alichoka kuandika kwa kidole kimoja huku mtoto akilia, aliiruhusu mashine ilikumbuke lile neno yenyewe, ifungue bila kuuliza.

Usimcheke, msomaji. Jiulize kwanza ni mara ngapi umeacha jambo la lazima lipite kwa sababu ya kuogopa kumwaibisha mtu unayempenda.

Kipkurui naye hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema. Alikuwa mtu aliyejawa na ajabu, na ajabu ikijaa moyoni hutafuta mdomo wa kutokea. Siku ya soko alienda Chepilat kuuza mahindi. Alipomaliza aliingia kwenye hoteli moja kula chapati, na humo akawasimulia watu jinsi rika lake alivyo na mke msomi, na jinsi chai ya kiwanda chote inavyoamriwa kutoka kwenye kochi kwa jina la ng'ombe. Watu walikufa kwa kicheko. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mtu aliyevaa koti zuri, aliyejitambulisha kuwa mnunuzi wa chai kutoka Nairobi. Alimwagizia Kipkurui chai nyingine.

"Hiyo ni maajabu ya kweli, mzee," alisema yule mtu. "Na ni kiwanda gani hicho kimeendelea hivyo?"

Kipkurui alikitaja.

"Na huyo ng'ombe mwenye heshima hivyo anaitwa nani?"

Kipkurui alimtaja ng'ombe pia, kwa fahari ile ile ambayo mtu humtaja nayo mtoto wa ndugu yake aliyefaulu mtihani. Anwani ya barua pepe ya kiwanda haikuwa siri. Ilichapishwa kwenye kila karatasi ya barua ya kampuni. Mtu yule hakuhitaji kitu kingine kuufungua mlango ule, kwa mashine yoyote yenye simu. Alilipa, akaaga kwa adabu, akaondoka, na hakuna aliyemwona tena Chepilat.

Jumamosi moja baada ya hapo, asubuhi, Phyllis aliiwasha mashine yake. Nje kulikuwa kweupe kwa ukungu na ndege walikuwa wanalia kwenye miti ya mikaratusi. Alikuwa na barua moja tu, kutoka kwa Marcella, karani wa ghala la Mombasa. Walikuwa wameandikiana karibu mwaka mzima, wakajuliana hali na kuulizana juu ya watoto, lakini hawakuwahi kuonana wala kusikilizana sauti.

Marcella aliandika: "Dada Phyllis, maagizo yako ya jana nimeyapata. Malori yamewasili asubuhi hii. Tutapakia chai yote ya daraja la kwanza kabla ya kufunga adhuhuri, kama ulivyosema. Mbusu Winny."

Phyllis alisoma mara ya pili. Jana hakuwa ameandika kitu. Chai ile ilikuwa bado haijauzwa kwa yeyote. Ilikuwa kazi ya mikono ya wakulima kutoka Sotik mpaka Silibwet, msimu mzima wa baridi na mvua, na ndimo ambamo bonasi yao ya mwaka ingetoka. Sasa ilikuwa inapandishwa kwenye malori ya mtu asiyejulikana, kwa amri yenye jina lake.

Mwizi hakuwa amepita getini. Mbwa hawakubweka, dirisha halikuvunjwa, hata umande kwenye nyasi za uani haukukanyagwa. Alikuwa ameingia kwa kuita jina ambalo wakati ule ule Kiptanui alikuwa analiita zizini, taratibu, maziwa yakigonga ndoo.

Akaandika haraka: "Marcella, usitoe chai. Yule aliyekuandikia jana si mimi."

Jibu lilikuja upesi, kwa upesi ule ule uliokuwa ukimfurahisha siku zote.

"Dada, umenichanganya. Sasa hivi umeniandikia niharakishe. Ukaniambia kuna mwanamke aliyefukuzwa kazi kiwandani, na kwamba anaweza kuniandikia akijifanya wewe. Sasa wewe ni yupi?"

Hapo ndipo Phyllis alipoelewa uzito wa kile alichokuwa ameshika mikononi miezi yote ile. Kulikuwa na Phyllis wawili. Wote wawili walitoka mlango mmoja, kwa neno moja, na mashine haikuwa na macho ya kutofautisha mama anayenyonyesha Sotik na mwizi aliyeketi pahali pasipojulikana. Kwa mashine, mwenye neno ndiye mwenye jina.

Aliukata muunganisho, akapiga simu Mombasa. Marcella alipokea mwenyewe.

"Dada yangu, usinione mbaya," Marcella alisema kwa sauti ya upole. "Mimi sauti yako sijaisikia hata siku moja. Na huyo mwenzio alishanionya kwamba utapiga."

"Nifanye nini uniamini?"

"Niletee mtu ambaye mkuu wangu anaijua sauti yake. Lakini fanya haraka, wapakiaji wameshaanza."

Kulikuwa na mtu mmoja tu. Bwana Orina alikuwa amefanya kazi na mkuu wa ghala lile kwa simu miaka mingi kabla ya kompyuta kuja. Lakini Bwana Orina alikuwa Msabato, na Jumamosi alikuwa kanisani juu ya kilima tangu mapema, mahali pasipo na simu. Kumwendea maana yake ilikuwa kukiri. Phyllis angeweza kukaa kimya na kusema hajui kitu. Barua zilitumwa kwa neno la siri; nani angethibitisha lilivyotoka?

Aliliwaza hilo, nami simlaumu kwa kuliwaza. Kisha akampeleka mtoto kwa Sellah, akamwita mumewe, wakaanza kupanda kilima wakikatiza katikati ya chai, umande ukiwalowesha mpaka magotini. Alimweleza kila kitu wakiwa njiani.

"Utamtaja Kipkurui?" Kiptanui aliuliza.

"Sitamtaja."

"Lakini lazima ni kwake limetoka."

"Limetoka kwangu. Yeye aliona tu. Mimi ndiye niliambiwa nilizike nikakataa."

"Mimi ndiye nilikukataza."

"Wewe hukuajiriwa na kiwanda, Baba Winny. Mimi ndiye niliajiriwa."

Kanisani walikuwa wanaimba. Phyllis aliingia na viatu vyenye matope, akatembea katikati ya viti watu wakimtazama, mpaka mstari wa mbele alikoketi Bwana Orina, mzee mrefu mwenye suti ya kahawia. Akainama, akamweleza sikioni. Bwana Orina alifunga kitabu cha nyimbo.

"Uliambiwa ubadilishe neno likionwa?" aliuliza.

"Niliambiwa."

"Na hukubadilisha."

"Sikubadilisha."

Bwana Orina alisimama, wakatoka pamoja, wakashuka mpaka nyumba ya mchungaji kwa sababu hapo kulikuwa na simu. Bwana Orina alizungusha namba za Mombasa. Kiptanui na Phyllis walisimama mlangoni wakisikiliza jinsi inavyolia kule mbali. Ikalia. Ikaendelea kulia. Kisha ikapokelewa.

"Ni Orina," alisema. "Funga geti. Usitoe hata mfuko mmoja."

Sauti ya mkuu wa ghala ilikuwa kubwa, hata waliosimama mlangoni waliisikia.

"Orina? Wewe? Tangu nikujue hujawahi kunipigia simu siku ya Sabato."

"Ndiyo ujue si mchezo."

Mkuu hakuuliza swali lingine. Walimsikia akiweka simu juu ya meza na kupaza sauti kwa watu wake. Msomaji, nimefikiri mara nyingi juu ya dakika zile. Amri zote mbili zilisafiri mamia ya maili juu ya waya, na macho ya mtu hayakuiona yoyote ikipita. Ile ya uongo iliaminiwa kwa sababu ya neno lililoibwa. Ile ya kweli iliaminiwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameiheshimu siku yake miaka mingi bila kujua kwamba heshima hiyo ingekuja kuwa ushahidi wake.

Mkuu aliporudi alikuwa anahema. Lori la kwanza lilikuwa limejaa, injini inanguruma, likisubiri geti lifunguliwe. Madereva walikuwa wamekodiwa tu, hawakujua kitu. Mtu aliyewaleta, waliyemweleza kuwa mwenye koti zuri, alikuwa ameenda mara moja kununua sigara, na hakurudi. Mpaka leo hajapatikana.

Chai iliteremshwa yote, ikarudi ndani.

Phyllis aliketi kwenye ngazi za nyumba ya mchungaji akalia. Bwana Orina alisimama kando yake.

"Chai imepona," alisema. "Lakini hii ni mali ya wakulima, si yangu. Wao ndio watasema kama utaendelea kuishika. Mpaka wakutane, hutaufungua tena mlango wa kiwanda, ofisini wala nyumbani."

Siku hiyo hiyo Vinny aliitwa, akalifuta lile neno. Hakufanya mzaha hata kidogo.

Wajumbe wa wakulima walikutana kiwandani, katika ukumbi unaonuka majani mabichi. Phyllis alisimama mbele yao akaeleza yote, bila kujitetea na bila kumtaja mtu. Alisema mgeni mmoja aliliona neno, basi. Minong'ono ilienea. Mjumbe mmoja alisema mtu wa namna hiyo aachishwe kazi kabla jua halijatua. Ndipo Sellah akasimama, naye alikuwa mjumbe wa kituo chake cha kukusanyia majani ya chai.

"Mimi nataka kuuliza kitu moja," alisema. "Kwa nini hukubadilisha?"

"Niliogopa kumwaibisha mgeni," Phyllis alijibu. "Niliona akijua nimebadilisha, atafikiri nimemwita mwizi."

Kila mmoja pale alikuwa anapekua moyo wake, akiona kwamba hata yeye, mbele ya rika lake au shemeji yake, angefanya vivyo hivyo.

Nyuma kabisa, mtu akasimama taratibu. Alikuwa Kipkurui. Hakuwa mjumbe, alikuwa amekuja kama mkulima wa kawaida, na tangu mkutano uanze alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huyo mgeni ni mimi," alisema. "Na mdomo uliolipeleka Chepilat ni huu. Mama Winny amenificha hapa mbele yenu, na mimi sikumficha kule hotelini. Nataka kusema jambo. Mimi nikikutana na mama mkwe wangu njiani, nageuza uso, namwachia njia apite. Hajawahi kusema nimemdharau. Anajua hiyo ni heshima. Sasa kwa nini nikasirike mtu akiniambia nigeuze uso kwa sababu ya kazi ya watu wengi? Hakuniambia, kwa sababu alijua ningekasirika. Na kweli ningekasirika. Hilo ndilo kosa langu, kuliko lile la mdomo."

Aliketi. Kiptanui, aliyekuwa viti vichache mbele yake, aliondoka pale alipokuwa, akaenda kuketi kando yake.

Wajumbe walijadiliana mpaka mchana. Mwishowe waliamua Phyllis aendelee na kazi, lakini kwanza aifanyie ofisini, mpaka Bwana Orina aridhike. Na neno la siri liwe linabadilishwa mara kwa mara, awe ameliona mtu au hajaliona, ili pasiwe na mtu wa kujiuliza amekosa nini.

Miezi ikapita. Winny alikuwa amejifunza kusimama kwa kushika meza siku Bwana Orina alipomruhusu mama yake kufanyia tena kazi nyumbani. Jumapili hiyo majirani walikuwa sebuleni kama zamani, wakinywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na kusimuliana. Simu ikalia, ni kiwandani wakisema Mombasa wana jambo la haraka. Phyllis akafungua mashine yake. Safari hii haikukumbuka neno, ilimwuliza. Aliinua kidole, akasita, kwa kuwa sebule ilikuwa imejaa watu aliowapenda.

Kabla hajasema lolote, Kipkurui alichukua kikombe chake, akasimama, akatoka nje. Hakuaga wala hakutania. Sellah akamfuata, akiwavuta wajukuu zake kwa mkono. Wengine wakatoka mmoja mmoja, na wa mwisho akawa Kiptanui mwenyewe, mwenye nyumba, ambaye alimbeba Winny na kuurudisha mlango polepole nyuma yake.

Phyllis alitazama kupitia dirishani. Wote walikuwa wamesimama uani, wamempa migongo, nyuso zao zikielekea chai iliyokuwa ikishuka kijani mpaka mtoni. Hakuna aliyeonekana kuudhika. Walisimama kwa utulivu, kama watu wanaompisha mtu mkubwa njiani.

Akaandika neno lake.

FUNZO LA HADITHI HII

Ndugu zangu, teknolojia ni baraka kubwa, na mimi naamini italeta mema mengi katika vilima hivi vyetu. Lakini ukifungua kazi ya watu kwa mashine yako mwenyewe, nyumba yako imekuwa mlango wa kazi hiyo, na ulinzi wa mlango huo ni juu yako. Neno la siri lisiwe jina ambalo majirani wanalisikia kila siku. Likionwa na mtu, hata mtu mwema, libadilishe siku hiyo hiyo. Usiiachie mashine ya nyumbani ilikumbuke kwa niaba yako. Na ukikosea, mkimbilie mkubwa wako mapema, hata kama utamkuta kanisani, kwa maana aibu ya saa moja ni nyepesi kuliko hasara ya watu wengi.

Nasi tulio wageni na marafiki, tujifunze adabu mpya. Mwenzako akiketi kufungua kazi yake, usingoje akuombe ugeuke. Atakuwa anakupenda mno kuweza kukuomba. Geuka wewe mwenyewe.